Mwache Akariri

Jumatatu, 3 Juni

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nilimfundisha hesabu huyo daktari. Tangu utotoni alikuwa mwepesi wa kukata tamaa. Hata hivyo naandika ungamo langu, nisije nikaondoka kimyakimya. Naungama: nilikuwa sahihi. Maisha yangu yote mbele ya ubao nilidai kitu kimoja tu: mtoto akariri! Sura nzima, neno kwa neno, mpaka koma. Binti yangu, ambaye naye ni mwalimu, anacheka. Anasema huko ni kumeza bila kutafuna.

Imebaki kazi moja kabla sijafa: mjukuu wangu. Yuko darasa la sita, tunamwita Chiriku kwa vile mdomo wake haupumziki. Kusoma kwake ni kufungua kitabu na kuongea na dirisha.

Leo mwalimu wake wa darasa kapiga simu. Binti yangu alikuwa bafuni, nikapokea. Akasema kwa sauti ya msiba kwamba, mzee, mtoto akiendelea hivi, atakariri. Nusura niruke kitandani! Nikamwambia, mwache akariri! Hata mara mbili! Akanishukuru kwa ushirikiano wangu.

Mtu wa maana, yule.

Jumanne, 4 Juni

Vita. Kumbe alikuwa anasema kukariri darasa! Yaani kurudia mwaka, wenzake wakipanda yeye akibaki. Nami nimetoa idhini ya familia. Binti yangu kaingia kashika kiuno, kaniuliza, Baba, umeniuzia mtoto? Nikamweleza kwamba kosa ni la lugha: neno tukufu namna ile halifai kubebeshwa aibu kama hii. Hakuelimika.

Amembembeleza mwalimu. Ijumaa Chiriku atafanya jaribio la sayansi. Akifaulu, atapanda. Akifeli, ndiyo basi. Mtoto amelia mpaka kwikwi. Kasema mwakani atakaa na watoto wanaomwita dada.

Binti yangu kabandika ratiba ukutani: soma kidogo, pumzika, funga kitabu, mweleze mtu ulichosoma. Pumzika! Walipotoka nikajaribu kuurudisha nyuma mshale wa saa ya ukutani kwa ncha ya mkongojo, ili mapumziko yasifike. Saa ikaniangukia mguuni. Na mguu wenyewe ulikuwa umeshavimba kama mto. Nikawaambia imeanguka yenyewe. Chiriku kauliza, na mkongojo umefikaje juu ya kabati? Kwa mtoto asiyesoma, anaona mengi.

Jumatano, 5 Juni

Mbinu mpya: kufa. Nikalala chali, mikono kifuani, jicho moja wazi kidogo nione matokeo. Nikamwita Chiriku, nikamwomba kwa sauti ya mbali aniahidi kukariri sura ya mzunguko wa damu, uwe wosia wangu. Akaahidi, machozi yakimtiririka. Nikajisikia vibaya. Kidogo tu.

Akaanza. Moyo una vyumba vinne... Akakwama. Nikamalizia mwenyewe, maiti mimi, mpaka mwisho: vali huzuia damu isirudi nyuma. Akafuta machozi. Akauliza, na ikirudi, Babu?

Nikatafuta kichwani. Koma zote zilikuwepo. Jibu halikuwepo. Nikamwambia hilo halimo kwenye sura.

Akautazama mguu wangu. Akaubonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Akaanza polepole, kama anayepapasa ukuta: moyo umechoka, hausukumi vizuri, damu inayorudi inakwama huku chini, maji yanavuja... Akauliza, Babu, ndiyo maana?

Nikamwambia arudi kwenye vyumba vinne.

Alhamisi, 6 Juni

Naungama na hili: leo nimemhujumu. Ili aone kwamba kueleza ni kupoteza muda, nikajifanya mjinga. Kila alichosema, nikauliza kwa nini. Mapafu ya nini? Damu inapandaje kutoka mguuni, ina ngazi? Nilitaka achoke, arudi kukariri. Hakuchoka! Asichokijua alikikimbilia kitabuni, akarudi anahema, akaeleza. Kaniita mwanafunzi wake mzito. Mimi! Binti yangu, aliyekuwa mlangoni, akaja akanibusu kipaji cha uso. Akasema, asante, Baba. Sijui ya nini. Nimenuna.

Ijumaa, 7 Juni

Ameenda. Kaniaga kwa kunishika mguu badala ya mkono. Sikula. Si hofu. Sikuwa na njaa tu.

Jumatatu, 10 Juni

Amefaulu! Tena vizuri! Kaingia mbio, kajitupa kitandani, nusura animalize kabla ya daktari. Swali kuu lilisema: eleza kwa maneno yako mwenyewe. Maneno yake mwenyewe! Maswali ya kihuni. Kilichomwokoa kiko wazi: vile vyumba vinne nilivyomkaririsha Jumatano. Nimemwambia binti yangu hivyo. Akatazama dari.

Jioni simu ikalia karibu yangu, wao wako uani wanacheka. Mwalimu yuleyule. Akasema kwa furaha, mzee, habari njema, mtoto hatakariri tena.

Hatakariri? Damu ikanipanda, bila ngazi. Nikamwambia kwa pumzi yote iliyobaki: atakariri! Maadamu mimi ni hai humu ndani, mtoto huyu atakariri, na andika kwamba nimesema mimi!

Nikasikia kalamu. Kisha akanishukuru kwa ushirikiano wangu.

Mtu wa maana, nilisema tangu mwanzo.

Kicheko cha uani kimekatika. Wamemsikia nani akipiga kelele, sijui. Viatu vya binti yangu vinakuja. Naacha kuandika. Nalala chali, mikono kifuani.