Malalamiko ya Mtu Aliyesimama Nje ya Picha

Kiegei, Nachingwea
22 Oktoba 1953

Bwana Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mashine yako ya kupigia chapa. Sisi hapa Kiegei ni wazima kiasi chetu. Gazeti lako hutufikia likiwa limefungia sukari, kwa hiyo habari tunazisoma baada ya chai, na ndiyo sababu nimechelewa kulalamika.

Katika gazeti la mwezi uliopita umetoa picha ya Mlima Nandembo, na chini yake umeandika: "Mlima ambao bado haujakanyagwa na mguu wa mwanadamu." Picha ni nzuri. Siku ilipopigwa nami nilikuwapo, mkono wa kushoto, hatua tano nje ya picha, pamoja na watu wengine kumi na mmoja na mbuzi wangu. Tulizuiwa na Saturnini, mkalimani wa Bwana Mpiga Picha, aliyekuwa ameshika fimbo.

Bwana huyo, kwa wasiomjua, alikuja mwezi wa saba na wanafunzi saba, kamera yenye miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kuingizia kichwa. Anafundisha kupiga picha za mandhari. Namshukuru kwa kuja. Kabla yake walikuja wenzake kutufundisha kulima karanga, na matrekta yao bado yamelala Nachingwea, nyasi zimeyafunika. Baada ya kufundishwa kulima na watu walioshindwa na karanga, ilibaki tu tufundishwe kutazama.

Sasa Bwana na chama chake cha wapiga picha wameiandikia serikali, na picha yako wameiambatisha iwe ushahidi. Wanataka mlima uwe hifadhi, mtu aingie kwa kibali, na nyumba nne zilizo ubavuni mwake zihamishwe. Moja ni yangu. Kwa hiyo naomba nafasi niyapange malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Moshi. Tuliambiwa tusichome mashamba kwa sababu moshi wetu unachafua anga. Tukatii, ingawa mvua haimngoji mpiga picha na ufuta haupandwi juu ya magugu. Wiki iliyofuata Bwana akaona bonde halina ukungu. Jirani yangu Abdalah akaamriwa achome majani mabichi nyuma ya mawe, upande wa kulia, polepole. Wanafunzi wakaandika daftarini kwamba ule ni ukungu wa alfajiri. Ilikuwa saa nne asubuhi. Naomba kujua ni kipimo gani kinachogeuza moshi kuwa ukungu, ili nami nikitumie shambani kwangu.

2. Unga. Chini ya mti wa msolo ulioko njia panda wazee wetu huweka unga kidogo wanapowaombea waliotangulia. Sisi ni Waislamu, alhamdulillahi, lakini mababu wa zamani hatukuwahi kuwauliza, na shehe akipita pale hutazama upande mwingine kwa adabu. Bwana hakutazama upande mwingine. Aliufagia, kwa sababu unang'aa.

3. Mbuzi wangu. Wanaitazama kamera. Nimewakanya.

4. Kuhamishwa. Tunaambiwa twende Mbwemkuru. Nikauliza kwa nini Mbwemkuru, nikajibiwa kwamba huko mandhari si nzuri sana, kwa hiyo watu wanaruhusiwa. Nawapa pole ndugu zangu wa Mbwemkuru, ambao nadhani hawajaarifiwa. Miaka yote hii tukidhani adui wa mkulima ni nguruwe, kumbe ni uzuri wa mahali alipojenga. Mke wangu Mwantumu ameacha kufagia uwanja akitumaini tutasamehewa.

5. Mama yangu, Binti Ausi. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Siku ile ile ya picha yako, sote tukiwa tumesimama nje kwa adabu, mama alishuka mlimani na mzigo wa kuni kichwani. Saturnini akampigia kelele apitie korongoni. Mama akamjibu kwa Kimwera, kirefu, na Saturnini akamfasiria Bwana kifupi. Maana yake ilikuwa kwamba njia ile aliikuta, mama yake naye aliikuta, na kama mlima unawaonea watu haya basi uhame wenyewe. Kisha akasimama katikati, akatua mzigo, akaifunga kamba upya, wala hakuharakisha. Mwanafunzi mmoja akabonyeza kamera kabla hajakatazwa. Bwana akashika kichwa, akasema picha imeharibika, imeingia doa. Wanafunzi wakaandika daftarini: doa. Bwana akangoja mama apite, akapiga nyingine, nayo ndiyo uliyoichapa.

Mama amefariki tarehe tatu mwezi huu, kwa homa. Sidai kwamba picha ndiyo iliyomwua. Saturnini anatangaza sokoni kwamba nadai hivyo, na huo ni uongo wake. Nasema tu kwamba aliukanyaga mlima ule miaka inayokaribia sitini, akiwa na mimi mgongoni na baadaye akiwa na kuni, na wewe umewaandikia watu kwamba haujakanyagwa. Imeniuma sana, Bwana Mhariri.

Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima, maneno yale yaliyo chini ya picha yasahihishwe. Pia, kama ni lazima mlima ubaki bila watu, basi Bwana na wanafunzi wake saba watangulie kuhama, maana nao ni watu ingawa pichani hawaonekani. Tukishaona wamefika Mbwemkuru salama, tutafikiri. Na mwisho, picha zote za Mlima Nandembo, nzuri na mbaya, zichomwe hadharani, isibaki hata moja. Moshi wake nitakubali uitwe ukungu. Sisi hatuna haja ya picha. Mlima tunao mlangoni.

Nisalimie wapanga herufi wako wote, fundi wa mashine, na yule anayeandika maneno ya chini ya picha, akipata nafasi aje atutembelee. Mwantumu anakusalimu. Abdalah anakusalimu, bado anakohoa. Mbuzi hawajambo.

Ni mimi, mkanyagaji wa siku nyingi,
Halfani bin Mbaruku

Nyongeza. Saturnini, ambaye huko juu nimemwita mwongo, alikuja jana kutupa pole, akakaa mkekani na watu mpaka adhuhuri. Ameniambia kwamba Bwana alikutumia picha mbili ili uchague, na ile yenye doa iko kwako. Hiyo usiichome. Mama hakupigwa picha nyingine maishani mwake. Sukari niliyokutajia ilikuwa ya hitima yake, na karatasi yako niliikunjua nikaitazama pembe zote, nikitafuta hata ncha ya ukuni, nisiione. Kama sharti la kuipata ni sisi kuhamia Mbwemkuru, niandikie, nitamwambia Mwantumu aanze kufunga mizigo. Ukiituma, naomba isije ikiwa imefungia kitu.