Malkia Kumi na Saba wa PP2

Jumatatu, Februari 10

Nimeanza kazi. Si kazi hasa. Ni majaribio ya wiki mbili katika shule ya chekechea ya kanisa letu hapa Kitale. Nafasi ni moja: msaidizi wa mwalimu wa PP2, wale watakaoingia darasa la kwanza mwakani. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Emmy.

Emmy ametoka Bungoma. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana kama mimi, lakini hajui aibu ni kitu gani. Leo ameingia darasani akiimba na watoto wakamrukia. Mimi nimeingia nyuma yake na kusimama karibu na kabati. Mkuu wetu, Madam Wakiuru, aliponiambia nijitambulishe, nililitajia kabati jina langu. Akauliza kama sauti niliiacha sekondari.

Nisipopata nafasi hii, ninaenda kwa Shangazi Gladwell. Ana duka la dawa za mifugo katikati ya mji, na anatafuta msichana wa kusimama mlangoni na maikrofoni akitangaza dawa ya minyoo ya ng'ombe. Siku nzima. Mbele ya Kitale yote. Maikrofoni ameshanunua. Ameniambia haiumi.

Kwa hiyo lazima nishinde. Ijumaa ya wiki ijayo tunapeleka watoto Bungoma, kwenye shule dada yetu karibu na Kibabii. Kila mmoja wetu ataonyesha alichowafundisha. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Khaemba, chifu mstaafu, ndiye atakayeamua.

Emmy amechagua wimbo wa kuhesabu. Mimi sina sauti ya wimbo, lakini nilipata A ya historia. Nimechagua malkia maarufu.

Jumanne, Februari 11

Nimeanza na Amanirenas, malkia wa Kushi, aliyepigana na Warumi akiwa na jicho moja. Nilinong'ona hadithi nzima, kwa hiyo watoto walilazimika kunyamaza ili wasikie. Hata Emmy alisogea. Ushindi.

Wakati wa mapumziko, watoto kumi na saba walitembea uwanjani wakiwa wamefunika jicho moja. Wawili wakagongana. Mmoja akaingia choo cha walimu. Kufikia adhuhuri wazazi wawili walikuwa wamepiga simu kuuliza kama kuna ugonjwa wa macho. Madam akaja kuuliza hili ni somo la nani. Nikatazama kabati. Cherop, mwenye miaka mitano, akanionyesha kwa kidole na kusema ni la Ticha Wacuka na Warumi.

Jumatano, Februari 12

Mpango mpya, na ni mzuri. Tutaigiza Nzinga wa Ndongo, kule Angola. Alipokwenda kuzungumza na gavana wa Wareno, gavana alikuwa amekalia kiti yeye peke yake. Nzinga akawekewa mkeka chini. Basi akamwashiria mtumishi wake, mtumishi akapiga magoti, naye akaketi mgongoni mwake na mazungumzo yakaendelea sawa kwa sawa.

Nahitaji malkia mmoja, gavana mmoja, mtumishi mmoja na askari kumi na wanne. Malkia ni Cherop. Nimekaa hadi jioni nikikata taji la karatasi ya manila ya njano.

Alhamisi, Februari 13

Mama yake Job aliningoja langoni. Akaniomba kwa upole, ati mtoto hajalala, anataka taji kama la Cherop. Mimi siwezi kumwambia mtu mzima hapana. Nikasema sawa. Job ni mvulana, lakini anasema mfalme hakumsikia akitajwa mahali popote.

Mama wa pili alikuwa amesikia. Na wa tatu.

Sasa nina malkia kumi na saba. Sina gavana. Sina askari. Sina mtumishi. Manila imeisha nchini Kenya. Mataji ya mwisho nimeyabandika kwa uji mzito, na wenyewe wanayalamba.

Ijumaa, Februari 14

Janga la saa nne. Hapa kila mtoto akimaliza uji husuuza kikombe chake kwenye mfereji. Leo hakuna aliyesuuza. Vikombe kumi na saba vimeachwa mezani. Madam alipouliza, Cherop akamweleza kwa heshima zote kwamba malkia haoshi vyombo.

Hawapangi foleni pia. Kila mmoja anasema wengine wampishe.

Emmy aliosha vikombe vyote akicheka. Aliniambia hawa ni watoto bana, si simba, niwaambie tu malkia ni mmoja na wengine ni askari. Akasema nikiogopa atawaambia yeye. Nimekataa. Naona anachotaka: anataka mpango wangu uharibike.

Jumatatu, Februari 17

Nimewafundisha kwamba malkia wote wakubwa walijulikana kwa kuosha vikombe vyao wenyewe. Si kweli, lakini vikombe vimeoshwa. Nilifurahi mpaka nikatabasamu hadharani.

Halafu Madam akapita na kuniuliza hilo limeandikwa wapi. Nikasema kwenye historia. Akauliza historia gani. Nikasema ndefu.

Jumatano, Februari 19

Shangazi Gladwell amepita nyumbani kuniletea kofia ya duka. Ina picha ya ng'ombe mwenye afya. Mama amesema inanikaa vizuri. Nimeiweka uvunguni mwa kitanda, picha ikiangalia ukuta.

Bado sina mtumishi. Niliwauliza malkia nani angependa kukaliwa. Wamenihurumia kwa kuuliza.

Ijumaa, Februari 21

Bungoma. Ninaandika nikiwa nimelala kifudifudi. Si kwa uvivu, ni kwa mgongo.

Wenyeji walitupokea vizuri mno. Kama ilivyo kwenye kila sherehe, wageni wa heshima walipewa viti. Kwa Mzee Khaemba kililetwa kiti cha sofa kutoka nyumba ya jirani, na kitambaa chake cheupe cha kushonwa. Watoto wakatandikiwa mikeka kwenye nyasi.

Emmy akaanza. Wimbo ulipendeza. Mzee alipiga makofi mpaka kofia ikamwanguka. Nikaanza kukariri majina ya minyoo.

Zamu yangu ikafika. Niliwaonyesha watoto mikeka kwa mkono. Hakuna aliyekaa. Malkia kumi na saba wakatazama mikeka. Wakamtazama Mzee juu ya sofa. Wakatazamana. Hapo ndipo nilipoelewa. Ilikuwa hadithi yenyewe, yote, imewekwa mbele yao na kitambaa juu.

Mzee akauliza kwani hawa watoto wamekatazwa kukaa. Job akamjibu kwamba yeye ndiye yule gavana mbaya aliyemnyima malkia kiti. Madam Wakiuru akafumba macho. Mzee akafikiri kidogo, kisha akasema huo ugavana ameutafuta tangu astaafu na ni leo tu mtu amempa. Uwanja ukacheka.

Cherop hakucheka. Akaita mtumishi. Hakuna aliyetokea. Akaita tena. Kisha malkia wote, mmoja baada ya mwingine, wakanigeukia mimi.

Nilipiga magoti. Nikaweka mikono kwenye nyasi. Cherop akaketi. Wenzake wakaona na wao wana haki, na kwa mara ya kwanza tangu wavishwe mataji, wakapanga foleni.

Kisha jambo ambalo bado silielewi. Kule chini niliona nyasi na siafu mmoja. Hakuna uso hata mmoja. Sauti ikatoka. Kubwa. Nilisimulia Nzinga alivyokataa mkeka, alivyomtazama gavana ana kwa ana, alivyokataa nchi yake ilipe kodi kwa Wareno. Ilisikika hadi jikoni kwa wapishi. Wakatoka na miko yao kusikiliza.

Mzee Khaemba akasimama. Akamkaribisha Cherop kwenye sofa, naye akaketi mkekani na suti yake na viatu vya ngozi. Akataka kujua basi mapatano yaliishaje. Nilimweleza nikiwa chini ya Job, ambaye ni mzito.

Uamuzi ulitolewa kabla ya chakula. Mzee alisema yule msichana wa chini apewe nafasi, kusimama hajui lakini kufundisha anajua. Nilitaka kushukuru. Nikakuta nimeshasimama, kwa hiyo nikashindwa.

Emmy hakununa. Shule ya Kibabii imemwomba abaki nao afundishe nyimbo, na kwao ni hapo karibu. Alinitoa nyasi kwenye nywele na kusema, si nilikwambia uchague malkia mmoja. Nikaitikia kwa adabu. Maskini Emmy. Haoni kwamba nguvu ya mpango ilikuwa ni ile kumi na saba.

Jumatatu, Februari 24

Mwalimu msaidizi wa PP2! Shangazi amepiga simu kunipa pole.

Jana kanisani, mbele ya wazazi, Madam Wakiuru alinipa agizo moja tu. Mada ya wiki hii ni watu wanaotusaidia. Tutaigiza hospitali: daktari mmoja, wagonjwa kumi na sita. Alilirudia mara tatu akiniangalia machoni. Nilisema ndiyo. Ni rahisi.

Leo saa moja na nusu, baba yake Cherop alinikuta langoni. Kwa upole sana. Nikasema sawa. Akafuata mama yake Job, amebeba koti jeupe alilolishona usiku kucha. Sawa. Wale wengine walikuwa wamesimama nyuma yake.

Sasa ni saa nne na uji unagawiwa. Nina madaktari kumi na saba. Sina mgonjwa. Nimetafakari, na mpango nimeupata, hauna kasoro hata moja. Kesho nitakuja na blanketi.