Toleo la Pili Limelipiku la Kwanza kwa Asilimia Mia Tatu

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe kwa kuwa aliyealikwa amepata udhuru. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kuboresha Gemu, ambayo mwenyekiti wake pia ni mimi. Mashehe wetu, mama zangu wa soko la samaki, vijana wa bajaji, wageni wetu mliotoka Mapinga na Makurunge, itifaki imezingatiwa. Bagamoyo hoyeee! (Hoyeee!) Gemu hoyeee! (Hoyee, ya watu watatu.)

Kama mnavyofahamu, binti yetu Swaumu, yule pale nyuma mwenye kompyuta, alitengeneza gemu ya simu iitwayo Mnada wa Alfajiri, ambamo mchezaji anaingia soko la samaki, anagombea changu mnadani na kuwahi kuwauza kabla hawajaharibika (makofi marefu), gemu ambayo watu wameicheza mpaka kwenye shughuli za harusi. Ofisi yangu, kwa mapenzi makubwa, ikamzuia Swaumu asitengeneze ya pili mpaka kamati ijiridhishe, kwa maana mwendelezo ukiwa duni tutaaibika sisi wasimamizi. Najua, mwanangu, umeshachoka kungoja ruhusa. (Swaumu anaitikia kwa kichwa.)

Leo natangaza kwamba toleo la pili limelipiku la kwanza kwa asilimia mia tatu! (Makofi.) Grafiksi zimeboreshwa, magamba yanang'aa, kuna hatua mpya ya kukata utepe, na kuna mhusika aitwaye Mheshimiwa, mrefu, mwembamba (vicheko), naomba tusikilizane, ambaye hotuba yake mchezaji hawezi kuiruka. ("Hapo mmeiharibu!") Bi Ashatu, uza samaki wako, utapewa nafasi.

("Tuonyesheni basi!") Nakuja huko. Utekelezaji una fremuweki yake. Mwenyekiti lazima aimalize kwanza gemu ya kwanza, ili alinganishe. Nami naicheza tangu Mfungo Sita, lakini pale mlangoni pa soko amekaa bibi mmoja, Bi Kuruthumu, hanipishi ng'o! Nikisimama, ananitazama. Nikisogea, ananitazama. Nimeita mafundi kutoka Dar, wanasema simu ni nzima. Hii ni dosari kubwa ya toleo la kwanza, na kamati yangu imeazimia kwamba…

("Umemwamkia?")

Bi Ashatu, mimi ni kiongozi. Nasubiri aniamkie yeye. (Vicheko vinavyokataa kuisha.) ("Hata kama ana mvi?") Lakini huyu ni katuni! ("Hata kama ni katuni! Mwamkie!")

Haya. Simu hii hapa, mbele yenu, kwa uwazi na uwajibikaji. Nabonyeza. Shikamoo, bibi. (Sauti ya kizee inatoka kwenye simu: "Marahaba, mwanangu. Ulinuna muda wote huo kwa nini? Pita.") (Vigelegele.)

Nimepita! Jamani, nimepita! Kumbe humu ndani kuna soko zima! Tazama changu walivyo wabichi! Nani huyo anapandisha bei? Mimi niko hapa, siondoki! Aa, samahani, maikrofoni iko wazi.

Basi nimalizie. Gemu yetu, fahari yetu! (Fahari yetu!) Toleo la pili, juu! (Juu zaidi!) Nawashukuru nyote mliokuja kulizindua, na kwa namna ya pekee nakushukuru wewe, Swaumu, ambaye kuanzia sasa una ruhusa ya kwenda kulianza.