Mmenirudishia Mke Bila Kumtia Majira

Duka la Kutengeneza Saa,
Chini ya ngazi, jengo la posta.
Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Maradhi ya Matiti.

Mheshimiwa Daktari, fundi mwenzangu,

YAH: SAA YA MWILINI MWA MKE WANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshakunywa chai na hakuna aliyekuudhi. Mimi ni mume wa yule mkutubi uliyempasua titi la kushoto miaka mitatu iliyopita, ukamtibu kwa dripu na mionzi, kisha ukamwandikia kwenye kadi neno moja: Amepona. Kadi hiyo nimeitoa kopi nikaitia fremu. Imetundikwa dukani, kati ya leseni ya biashara na picha ya harusi yetu, na kila mteja huonyeshwa, apende asipende. Kwa hiyo usije ukadhani anayekuandikia ni mtu asiye na shukrani.

Lakini, Daktari, huu ni mwaka wangu wa thelathini na mbili katika ufundi saa, na ufundi una adabu zake. Saa ikiletwa kwangu imesimama, simkabidhi mwenyewe siku ile ile inapoanza kutembea. Kutembea si hoja. Naivaa mwenyewe siku mbili tatu, naenda nayo sokoni, nalala nayo, nailinganisha na saa kubwa ya ukutani, na nikiona inakwenda kwa majira ndipo namwita mwenye mali. Wewe ulinirudishia mke anayetembea. Majira hukuyagusa. Nawasilisha basi malalamiko yangu, kwa heshima na kwa namba, ili usipate kisingizio cha kusema hukuyaona.

1. Mke wangu huamka saa tisa usiku na halali tena. Usingizi unaomkimbia usiku huja kumtafuta saa nane mchana, akiwa kazini. Na maktaba, kama ujuavyo, ndiyo sehemu pekee mjini ambapo mtu akisinzia hakuna anayeruhusiwa kupaza sauti kumwamsha. Mwezi uliopita alilala juu ya daftari la kuazima vitabu kwa dakika arobaini. Wasomaji walipanga foleni wakasubiri kimya, na mmoja akamfunika kwa koti lake. Aliponisimulia jioni alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaingia bafuni, akafungua maji, akakaa huko muda mrefu. Mimi kazi yangu ni kusikiliza vitu, Daktari. Ile haikuwa sauti ya mtu anayeoga.

2. Ulimwandikia kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano, cha kuzuia ugonjwa usirudi. Kidonge hicho nakiheshimu kuliko ninavyowaheshimu baadhi ya ndugu zangu. Lakini kinampandisha joto la ghafla kutoka kifuani hadi utosini, mara tatu nne kwa usiku. Anatupa shuka, anafungua dirisha. Dakika tano baadaye anatetemeka, analifunga. Imebidi tununue kitanda cha pili. Chake kiko dirishani, changu kiko ukutani, na baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa tunaishi kama wanafunzi wa bweni, tofauti ni kwamba hatuna wa kumsengenya.

3. Ncha za vidole vyake zimekufa ganzi tangu dripu ya nne. Hawezi tena kunifunga vifungo vya shati, nami nilishazoea kudekezwa. Hasara hii ni yangu binafsi na nataka iandikwe kwenye faili lake.

4. Anasahau. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akijua kila kitabu kilipo, rafu kwa rafu, hata kilichoazimwa na mtu aliyehama mji. Siku hizi anasimama jikoni, mfuniko mkononi, akiuliza sufuria iko wapi, na sufuria iko motoni mbele yake. Dada yangu, ambaye nyumbani tunamwita Shukuru kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo, alimwambia, "Wifi, wewe shukuru tu umepona, mengine hayo ni kujidekeza." Tangu siku hiyo mke wangu ameacha kusema. Akiulizwa hali anajibu nzuri. Nimegundua kuwa hata wewe anakujibu nzuri, nawe unaandika nzuri.

Alilazwa chumba kimoja na wanawake watatu. Wawili kati yao tumeshawazika. Anaona aibu kulalamikia usingizi, eti wenzake wangetamani hata huo ukosefu wa usingizi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio sikitaki, nakiogopa sana. Jumanne ijayo ana siku ya kuja kwako na ameshaniambia haji, kwa kuwa hana la kusema. Mimi ninalo, kama unavyoona.

5. Kifaa. Mlimpa kifaa cha kuvaa mkononi kwa siku saba, mfano wa saa lakini hakina mishale wala namba. Tukaambiwa kinapima mwendo, mwanga na usingizi, ili ijulikane saa ya mwilini inakwendaje. Nasema kama fundi, na niko tayari kula kiapo: kifaa hicho ni kibovu. Karatasi mliyompa inaonyesha kuwa usiku wa tatu, wa nne na wa tano aliinuka mara tano kila usiku, akatembea hatua sita, akasimama dakika mbili, akarudi hatua sita. Muuguzi wenu mrefu akamuuliza huwa anakwenda wapi. Akajibu haendi popote, hujilaza tu akiitazama dari. Hakuaminiwa. Kutoaminiwa na dada yangu tumekuzoea. Kutoaminiwa na chombo kisicho hata na mishale ni udhalilishaji.

6. Kwa kuwa hamkurekebisha saa yake, niliamua kurekebisha zilizobaki. Nilizipeleka mbele saa zote za nyumbani na dukani kwa muda wa saa tatu, ili akiamka saa tisa usiku aone ni saa kumi na mbili asubuhi, wakati ambao watu waungwana huamka. Nikawa nafungua duka gizani. Mteja wangu akawa mlinzi wa posta, ambaye hana saa. Dada yangu tulimwalika chakula cha mchana, akafika akakuta vyombo vimeoshwa na kukauka. Kwa mara ya kwanza maishani hakusema shukuru. Na mke wangu je? Aliendelea kuamka kiza kile kile, nami nikazirudisha zote. Mwili wake haukuzisoma saa zangu.

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo, na nimejitahidi nisiombe makubwa:

(a) Iagize maktaba ifunguliwe saa kumi usiku na kufungwa saa saba mchana. Wanafunzi watanung'unika wiki moja, watazoea.

(b) Iliandikie baraza la mji kwamba saa zote za umma zifuate mwili wa mke wangu, zikaguliwe kila Jumatatu. Ukaguzi nitaufanya mimi, bure.

(c) Kuhusu jua. Mlimshauri akae nje nusu saa kila asubuhi, kwa maelezo kwamba mwanga wa asubuhi ndio unaoitia majira saa ya mwilini. Ushauri huo tunaufuata. Tunaketi kwenye ngazi za nyuma, yeye na chai yake, mimi na redio, na sikatai kwamba nusu saa hiyo ndiyo nzuri kuliko zote katika siku yangu. Lakini jua linachomoza saa tatu nzima baada ya yeye kuamka. Naomba liwahishwe. Kwa kuwa jua halina anwani, ofisi yako ilipelekee nakala.

(d) Yote hayo yakishindikana, basi ile kadi ibadilishwe. Lifutwe neno Amepona, iandikwe kwa mwandiko wako: Anatembea, majira bado. Nitaitia fremu hiyo pia. Dada yangu aisome, mkuu wa maktaba aisome, na zaidi ya wote aisome mke wangu, ajue kwamba hajidekezi na kwamba yupo aliyesoma zaidi yetu sote anayemwamini.

Nina hakika malalamiko haya utayapokea kwa mkono ule ule mtulivu ulioshika kisu siku ile. Nisalimie muuguzi mrefu, simchukii. Nisalimie mama anayepitisha chai wodini, bawabu anayejifanya hatukumbuki, na kila aliyeketi leo kwenye benchi la korido, hasa anayekaa mwisho penye msumari. Mwambie asogee.

Wako mteja asiyeridhika, anayekuombea dua kila siku,

Fundi Saa

Nyongeza: Barua hii nilimpa mke wangu aisome kabla sijaifunga, maana yeye ndiye hunisahihishia maandishi. Leo ni siku yake ya mapumziko, yuko hapa dukani. Alisahihisha kidogo hapa na pale, akacheka kwenye habari za jua, akazisoma mara mbili habari za bafuni. Kisha akarudi namba 5, akachukua kalamu nyekundu na kuandika pembeni: Na usiku huo alikivaa nani?

Nilikivaa mimi, Daktari. Ni zile adabu za kazi nilizokueleza. Nilitaka kukijaribu kama kinakwenda sawa, nikakivaa usiku wa tatu, wa nne na wa tano, asubuhi nikamrudishia. Kifaa si kibovu. Anayeinuka mara tano ni mimi. Hatua sita ni za kutoka kitanda cha ukutani hadi cha dirishani. Nasimama pale nasikiliza kama anapumua. Nikimsikia, narudi kulala. Nimefanya hivyo tangu siku ulipoandika Amepona, kwa sababu kabla ya hapo kulikuwa na wauguzi wa kumsikiliza, na baada ya hapo nilibaki peke yangu.

Nilidhani hajui. Ameniambia leo kwamba hunisikia kila mara, na kwamba hujikausha, akavuta pumzi kwa sauti, ili niridhike nikalale. Muda wote huo yeye anaigiza usingizi kwa ajili yangu, na mimi naharibu wangu kwa ajili yake. Akaongeza, kwa heshima zote anazompa mumewe, kuwa nyani haoni kundule.

Kwa hiyo futa namba 5 na namba 6. Jua liache kama lilivyo. Namba 1 hadi 4 ni kweli tupu, naye amezitia saini mwenyewe kwa kalamu ile nyekundu, ingawa vidole vilimsumbua. Jumanne anakuja, na atasema. Tafadhali muuguzi mrefu aandae kadi mbili, maana katika nyumba yetu saa zilizopotea majira ni mbili, na ya pili haijawahi kuletwa kwa fundi.

Sasa ni saa nane mchana. Amelala kwenye kiti cha wateja, kichwa kwenye kaunta, na saa zote zinatembea. Sijaenda kumsikiliza.

Nimekwenda mara moja tu.