Habari za Nulu binti Isabirye na Mpira Mwekundu

Namtanguliza Mola, Muumba wa vidole kumi na viungo vyake, kisha naomba niletewe kalamu, na wino wa tona usiochujuka, na rimu nzima ya karatasi, maana jambo ninalotaka kuliandika halienei kwenye kipande cha risiti. Jongeeni, watu wa Jinja na watu wa Mbale, wewe wa Masese mwenye samaki mkononi na wewe wa Nkoma mwenye funguo za ofisi. Mwenye redio aizime. Mwenye boda boda aegeshe, na abiria wake ashuke bila kunung'unika, kwani huko anakokwenda hakuna habari kubwa kuliko hii.

Mimi ninayesimulia ni Swaib, fundi cherehani wa veranda ile ndefu ya Main Street hapa Jinja, nyumba ya zamani ya Wahindi ambayo mwaka wa kujengwa kwake bado unasomeka juu ya mlango ingawa rangi imekwisha kustaafu. Sikuhadithiwa, niliona. Na atakayesema nimetia chumvi, namjulisha mapema kwamba chakula kisicho na chumvi hupewa wagonjwa.

Katika veranda hiyo, hatua nne kutoka cherehani yangu, lipo duka la Hajji Siraj la kupiga chapa na kutoa fotokopi. Na nyuma ya meza ambayo upana wake hauzidi shubiri mbili, kati ya chupa ya chai na mashine ya kufunika vitambulisho kwa nailoni, huketi Nulu binti Isabirye, mpiga chapa asiyetazama vidole, bingwa wa misimu sita ya mahafali, mfua kalenda. Kwetu mtu hahitimu, haoi, wala hastaafu barabara mpaka picha yake iwekwe juu ya miezi kumi na miwili na kutundikwa ukutani. Na nusu ya kalenda zinazotundikwa kutoka mto Nile hadi mlima Masaba zimepitia mkono wa kulia wa Nulu. Ndiyo maana mkono huo ulivimba. Mwezi mzima alikuwa akisukuma kipanya cha kompyuta na kukata vichwa vya wahitimu, hata kifundo cha mkono kikagoma, kikafungwa bendeji, na daktari akaagiza kipumzike, agizo ambalo Hajji Siraj alilisifu sana na kuliahirisha.

Basi siku ya Ijumaa, watu walipotoka kuswali, alishuka kwenye teksi ya Mbale Sajini Geresom wa Magereza, mwenye masharubu yaliyonyooka, bawabu wa malango ya chuma, aliyehesabu wafungwa asubuhi na jioni kwa miaka thelathini na mitano bila kupungukiwa hata na mmoja. Alikuja kuchukua suti niliyomshonea, kwa kuwa zamani alitumika Jinja na vipimo vyake ninavyo kichwani, isipokuwa tumbo, ambalo hulipima upya kila tukutanapo. Kesho yake, nyumbani kwake Nkoma, kule Mbale, wangemuaga kazini. Akaivaa suti, Nulu akampiga picha kwa simu, naye akasimama wima, mikono ubavuni, kama aliyesikia filimbi. Kisha akatoa ndani ya Biblia yake picha ndogo ya zamani, akakohoa, akahutubia.

"Binti, sikiliza. Hii ni bibi yangu, mama ya watoto, Santa. Yeye alikufa, sasa ni miaka ishirini na moja. Picha ingine hapana. Nyumba yetu ya barakisi, kule kambi ya askari, iliungua, hii moja tu ilibaki. Kesho wakubwa nakuja kwa mimi, watoto nakuja, majirani nakuja. Mimi nataka kalenda. Mimi hapa, Santa hapa. Hao watu wengine wote toa, hata yule mama wa kofia. Teksi yangu ni ya saa kumi na moja. Kama Santa hayuko kwa ukuta, basi mimi nastaafu peke yangu, na mimi sitaki kustaafu peke yangu."

Mimi nilijifanya natafuta sindano.

Picha yenyewe ilikuwa ya harusi ya kambini, watu kumi na wanane wamebanana, na Santa yuko safu ya nyuma, pembeni kabisa, mwembamba, kilemba kichwani, anacheka jambo ambalo hakuna atakayetuambia. Nulu akaiingiza kwenye kompyuta, akaikuza. Na ili msikilizaji aielewe vita hii, ajue silaha yake: yampasa mpiga chapa apande nukta ndogondogo kuuzunguka mwili wote wa mtu, moja baada ya moja, mpaka nukta ya mwisho ikutane na ile ya kwanza kabisa. Zikikutana, mtu anatoka kwenye picha mzima. Mkono ukitetemeka, anatoka na upungufu.

Nulu akashika kipanya kwa mkono wenye bendeji, akaingia vitani. Mara ya kwanza kifundo kilishtuka penye sikio, na Santa akapoteza sikio. Akalirudisha. Mara ya pili kipanya kiligonga chupa ya chai, kwa ufinyu wa meza, mshale wa kwenye kioo ukaruka hadi kwenye kofia ya yule mama, na marehemu akaota pembe. Akaifuta. Mara ya tatu kipanya kilifika ukingoni mwa meza, kikaanguka, kikabaki kinaning'inia kwa waya wake, na Nulu akaushika mkono wake kwa mkono mwingine, machozi yakamtoka.

"Afande," alisema, "naogopa nitamharibu."

Ndipo akatokea Hajji Siraj, kanzu yake ikiwa bado na mikunjo ya msikitini. Alisikiliza kisa chote, akakiendea kilima cha fotokopi za vitambulisho ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, na juu yake akanyanyua kitu kizito chenye mpira mwekundu mgongoni, ambacho kwa miaka miwili kilikuwa kinazuia karatasi zisichukuliwe na upepo wa ziwa.

"Nulu, mwanangu," alisema Hajji, akikinyanyua juu ili veranda nzima ikione, "hiki kilikuja katika ule mzigo wa kompyuta kuukuu. Aliyeniuzia aliniapia kwamba ni mausi, tena ya heshima, wenyewe wanaiita trekboli. Haitembei. Inakaa kitako, na wewe unazungusha mpira kwa vidole tu, mshale unakwenda. Mimi nilimwambia, bwana, mausi isiyotembea ni ya kumuuzia nani? Nikaiweka iangalie karatasi. Lakini leo, wallahi, naona ilikuwa inakusubiri wewe."

Akaiunganisha. Nulu alikuwa hajaigusa bado Sajini Geresom alipopiga hatua moja mbele.

"Hajji, samahani. Hii kitu nalala chali. Mimi nilifanya kozi ya kompyuta mwaka tisini na nane, wiki mbili, na cheti iko. Mpira ya mausi inakaa chini, mkono inakaa juu. Tulifundishwa. Kwanza unageuza, halafu unapanguza."

Na kwa mamlaka ya miaka thelathini na mitano, akaigeuza.

Ole wetu. Mpira ulitoka tunduni mwake, ukadunda juu ya meza, ukavuka veranda, ukateremka vidato vitatu na kushika njia kuelekea sokoni, mwekundu, mviringo, usio na mzazi. Geresom akaufuata kwa mbio, yeye ambaye hakuwahi kutorokwa. Nami nikamfuata Geresom kwa sababu suti ilikuwa bado na uzi wa kutungia, ule wa muda. Ukapita katikati ya boda boda sita zilizoegeshwa, na waendeshaji wakainua miguu. Ukapita mbele ya mama wa Masese mwenye beseni la mukene, naye akautazama ukipita, akasema, "Mimi sijui ni ya nani," na kuendelea kupepea dagaa wake. Mwishowe ukaingia kwenye karai la Apollo, mkaanga chapati za mayai, ambalo ndani yake zilikuwamo nyanya zipatazo arobaini.

Apollo hatazami anachokata. Ndiyo fahari yake. Aliingiza mkono karaini, akatoa kitu chekundu, akakiweka ubaoni, akashusha kisu. Kisu kikateleza. Akashusha tena, kwa nguvu zaidi. Kikateleza tena.

"Nyanya za siku hizi," alisema Apollo, "wanapiga dawa mingi sana."

"Wewe, weka silaha chini," alisema Sajini Geresom nyuma yake, kwa sauti iliyokwisha kuzima ghasia za magereza matatu. Apollo aliweka kisu chini, akainua mikono, na mwenye njaa aliyekuwa anasubiri roleksi yake, chapati ya kukunjwa na mayai, akainua pia.

Tuliurudisha mpira ukiwa mateka, kwa msafara. Nikauosha mafuta, nikaupangusa kwa kipande cha bitana ya hariri, kitambaa ambacho siwapi hata mabibi harusi, na Nulu akauketisha tunduni mwake. Sajini alisimama pembeni, akisoma tangazo la bei ya fotokopi.

Mwanzoni mkono wa Nulu ulifuata mazoea. Ukaisukuma trekboli yote, ikasafiri mezani, mshale usisogee hata chembe. Akapumua, akauambia mkono wake maneno ambayo sikuyasikia, akaulaza mezani wote, kuanzia kiwiko hadi kifundo, akaacha vidole viwili tu vifanye kazi. Vidole vikazungusha mpira. Mshale ukaondoka. Ukaenda taratibu, bila kushtuka, ukasimama pale alipotaka usimame, na kifundo cha mkono hakikusema neno.

Akapanda nukta ya kwanza utosini. Akafuata mkunjo wa kilemba. Akafika penye sikio, lile lile lililopotea mara ya kwanza, na veranda yote ikazuia pumzi, Hajji, mimi, waendesha boda boda wawili, na Apollo aliyekuja kuona nyanya yake inafanya nini. Sikio likapita salama. Akashuka shavuni, shingoni, akafika begani, akasimama.

"Afande, hapa begani kuna mkono wa mtu. Mwenyewe hayumo kwenye picha, amekatwa pembeni. Niutoe?"

Geresom akavaa miwani, akainama mbele ya kioo. Katika ile picha ndogo palikuwa na kivuli tu begani. Ilipokuzwa, kilionekana kiganja kizima, na kidole chake cha mwisho kimepinda kwa nje. Sajini aliinua mkono wake wa kulia, akautazama. Kidole cha mwisho kimepinda kwa nje, kwa sababu ya lango alilolifunga vibaya siku zake za kwanza kazini.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Mimi nilikuwa hapo. Mpiga picha alinikata." Akavua miwani, akaivaa tena. "Miaka yote mimi naangalia uso yake. Bega sikuangalia."

Nulu alisimama, na alipozungumza alizungumza kama mtu anayegawa vikosi. "Basi hautoki. Afande, mkono huo tutaurudisha kwa mwenyewe. Lakini ile picha niliyokupiga haifai, umesimama kama uko kwenye gwaride. Nataka mkono umeshika bega. Mzee Swaib, tuazime sanamu yako."

Sanamu yangu ya kushonea haina kichwa, na siku hiyo ilikuwa imevaa gomesi ya mteja wangu Rehemah, gauni refu ambalo halijapindwa chini. Tuliisimamisha kwenye vidato, juani. Na hapo, saa kumi na robo, mbele ya Main Street yote, Sajini Geresom alilikumbatia bega la mwanamke asiye na kichwa. "Afande, huyo anakufaa, hatakugombeza," alisema mwendesha boda mmoja, na watu wakacheka, mimi nikiwa mmoja wao. Geresom hakusogea. Hakuitazama hata simu. Alitazama pale ambapo kichwa kingekuwa, na kicheko chetu kikaisha chenyewe, tukaona haya.

Ikabaki kazi ya mwisho. Ilibidi pindo la shati lichomoze chini ya mkono wa koti, koti nililolishona mimi, vifungo viwili, ieleweke hivyo katika historia, na pale pale kifundo cha mtu wa miaka sitini kipokee kiganja cha mtu wa miaka thelathini na mitano. Nulu akapanda nukta zake. Saa kumi na nusu. Saa kumi na dakika arobaini. Mpira mwekundu ulizunguka kwa upana wa uzi, kisha kwa nusu ya uzi. Nukta ya mwisho ikaijongelea ya kwanza, ikasita, ikatua juu yake, na Nulu akabonyeza. Santa akatoka kati ya watu kumi na saba, mzima, masikio yote mawili, akasimama kando ya mumewe. Hajji Siraj akasema takbiri kwa sauti ya chini. Mashine ikachapa, na Sajini akaiwahi teksi, kalenda ameishika mbele yake kwa mikono miwili.

Siku ya pili nilikwenda Nkoma, kuilinda suti yangu. Mkubwa mmoja alihutubia dakika arobaini kuhusu nidhamu, na trekboli hakuitaja hata mara moja, dhuluma ambayo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Kalenda ilikuwa ukutani. Annah, binti wa Geresom, aliyekuwa na miaka mitatu mama yake alipofariki, alisimama mbele ya kalenda hiyo, akakisogelea kile kiganja begani.

"Baba," aliuliza kwa Kiswahili chao cha kambini, "mbona hii mkono yako haizeeki?"

"Ilibaki na mama yako," alisema Geresom.

Basi iandikwe, isomwe Jinja na Mbale, kwamba siku ya Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini na mbili, nukta ya mwisho ilikutana na ya kwanza kwa vidole viwili vya Nulu binti Isabirye, bila kifundo chake kulia. Jumatatu yake trekboli ilikalishwa mezani rasmi, kando ya chupa ya chai. Kile kipanya cha zamani hakikutupwa. Hajji Siraj alikizungushia waya wake, akakiweka juu ya kilima cha fotokopi, na mpaka leo ndicho kinachoangalia karatasi.