Sekunde Nne za Mama Gwantwa

Jumatatu, 16 Juni

Nimepata dawa ya Mama Gwantwa! Miaka sita ni mwenyekiti wa ushirika wetu wa kahawa hapa Itaka, na Jumamosi hii anaomba kura tena. Mpinzani ni mmoja tu: mimi Gasper, msomaji wa magazeti na mtetezi wa wanyonge.

Leo mkutanoni nilimrekodi kwa simu. Akasema: "Kahawa ya Itaka ni takataka, ndivyo wanavyotuambia walanguzi ili tuwape kwa bei ya kutupa. Waongo! Hakuna kahawa safi kama yetu."

Hotuba nzuri. Ndefu mno. Nimeipogoa kama mti wa kahawa, zimebaki sekunde nne: "Kahawa ya Itaka ni takataka." Kila neno ni lake. Sijaongeza hata herufi. Huo ni uongo? Huo ni uhariri!

Jumanne, 17 Juni

Shemeji Deus hutangaza dawa ya panya kwa pikipiki yenye spika. Nimemwomba azichomeke sekunde zangu kati ya panya na panya. Kakubali, ila dada yake asijue. Dada yake ni Ruti, mke wangu. Sina haja ya kuonywa.

Kufikia saa nne kijiji kizima kimesikia: panya wanakufa papo hapo, kahawa ya Itaka ni takataka, pakiti moja nyumba nzima. Wanawake walisimama njiani na ndoo za buni kichwani. Mzee Jairo kaapa kutompigia kura mtu anayetukana jasho lake. Ushindi! Nimeanza hotuba ya shukrani. Kurasa tisa hadi sasa.

Jumatano, 18 Juni

Tatizo dogo. Sebastian, mnunuzi wa Tunduma, alikuwa aje leo kuonja kahawa na kusaini mkataba wa msimu. Akasimama Mlowo kunywa chai. Nani akapita na spika? Deus! Nilimwambia Itaka tu. Anajitetea kwamba panya wako kila mahali.

Sebastian kampigia simu Mama Gwantwa: ikiwa mwenyekiti mwenyewe anaiita takataka, yeye ni nani abishe? Kageuza gari. Ametoa nafasi moja: Ijumaa asikilizishwe hotuba nzima, la sivyo ananunua kwingine.

Kahawa ya kaya mia mbili iko vichanjani inakauka, na ya kwetu imo. Asiposaini, tunarudi mikononi mwa walanguzi.

Katibu hana rekodi. Mkutanoni mtu mmoja tu alikuwa ameinua simu. Kila mtu alimwona.

Alhamisi, 19 Juni

Ruti amejua. Deus hukiri kabla hujamuuliza.

Hakufoka. Angefoka ningemjibu. Alisema tu, baba Eva, nenda kachambue kahawa. Nikachambua kutwa, nikitoa punje mbovu moja moja. Jioni akaniuliza nimepata takataka kiasi gani. Nikasema kiganja kimoja. Akasema basi kesho nikamwambie Sebastian hivyo hivyo, na rekodi nikaicheze yote.

Nikamwambia imefutika. Akachukua simu, akaipata. Kumbe namba yangu ya siri anaijua!

Hajui kwa nini naogopa. Mwishoni mwa ile rekodi kuna sauti.

Ijumaa, 20 Juni

Ofisi ya ushirika imejaa, watu hadi madirishani. Tukatumia spika ya Deus. Mama Gwantwa akasikika: walanguzi, waongo, hakuna kahawa safi kama yetu. Kisha, kubwa kuliko zote, sauti ya mwanamume aliye karibu kabisa na simu: "Sema, mama! Sema! Mungu akupe miaka mia!"

Ndiyo, ni mimi. Nilijisahau kwamba nampinga. Hotuba ilikuwa tamu, ningefanyaje?

Walicheka hadi Mzee Jairo akatolewa nje apumue. Sebastian naye kacheka, kaonja vikombe vitatu, kasaini. Nikaomba radhi. Sentensi moja, fupi kuliko zote nilizowahi kusema.

Mama Gwantwa angeweza kunifuta uanachama. Alisimama akasema: "Gasper ana akili nyingi. Anajua kusema, anajua kuandika. Mpeni uenyekiti, na mtakuwa mmempa nyani alinde mahindi! Lakini ni mtu wetu. Mleteeni kikombe naye anywe."

Nikaletewa. Ruti akanisogezea kiti. Kidogo nilie.

Jumamosi, 21 Juni

Uchaguzi saa nne. Ruti kaniambia nijitoe, nimpigie Mama Gwantwa kura, tuyamalize. Mama yule ni mwema kweli, sina la kusema juu yake.

Ila jana, rekodi ilipokwisha kuchezwa, nilirudisha simu mfukoni ikiwa inarekodi. Nimeisikiliza ile hotuba. Nzuri. Ndefu kidogo.

Deus yuko nje, pikipiki inanguruma. "Gasper ana akili nyingi. Anajua kusema, anajua kuandika. Mpeni uenyekiti."

Safari hii ni sifa tupu, nani ataumia? Nimeirudia mara tatu kwa uangalifu. Sijasikia nyani popote.