Hewa ya Serikali Kwenye Raba ya Shafti

Wananchi watukufu wa Kitale, Bungoma na viunga vyake, nina furaha isiyo na kipimo kuwatangazia kwamba raba zote za shafti za magari ya umma sasa ziko mikononi mwa mtaalamu. Mtaalamu ni mimi. Naitwa Gachanja, Naibu Mkurugenzi wa Idara ya Raba za Chini ya Gari. Ripoti hii naiandika nikiwa kazini Mabanga, siku ya nne mfululizo, nimeketi kwenye nyasi kwa sababu za kikazi. Nitaeleza.

Raba ya shafti, kwa wasiojua, ni ule mfuko mweusi wenye mikunjo unaofunika jointi karibu na gurudumu la mbele. Huweka grisi ndani na vumbi nje. Ikichomoka, grisi inamwagika, vumbi linaingia, jointi inaanza kulia ka-ka-ka na safari imekwisha. Ndiyo maana nikaandika Mwongozo wa Ufungaji Raba, kurasa tisini na mbili. Gari lenyewe linatajwa kuanzia ukurasa wa arobaini.

Kifungu ninachokipenda ni cha kumi na saba: "Hewa yoyote iliyomo ndani ya raba ya gari la umma ni mali ya umma. Haitatolewa bila fomu yenye sahihi tatu: ya Naibu Mkurugenzi, ya Mkurugenzi, na ya shahidi aliyeiona hewa ikitoka. Kabla ya hapo, afisa mwenye cheo kikubwa aliyepo atailinda." Niliposoma hicho mkutanoni, watu walipiga makofi mpaka chai ikapoa.

Sasa, mwezi uliopita nilimtembelea Nakhungu, fundi wa magari mtaa wa Kibomet mjini Kitale, mama mkavu wa maneno mwenye grisi hadi kwenye viwiko. Alikuwa chini ya pikapu ya ofisi yetu. Alikuwa amevalisha raba na kujaza grisi, na kabla ya kukaza klipu akachukua spoku ya baiskeli, akaipenyeza chini ya mdomo wa raba. Psssss.

"Mama! Unafanya nini?"

"Natoa hewa, mzee."

"Hewa ya nani?"

Akachomoa kichwa, akaniangalia vile mtu huangalia mgonjwa. "Si inajaa hapo ndani ukivalisha? Ukifunga nayo, gari ikitembea inapata moto, raba inafura kama mandazi. Ukikata kona, hiyo imetoka."

"Fomu iko wapi?"

"Ya pumzi?"

Niliudhika, sitaficha. Nikafunga kibanda chake kwa kufuli na lakiri ya idara, vyombo vyake vyote vikiwa ndani.

"Aki mzee, hii kibanda ndio inalisha watoto yangu wanne," akasema, mkono juu ya kufuli.

Nilimwambia awape salamu zangu. Akarudi kwao Kimilili.

Baada ya hapo nikafunga raba za magari sita ya idara mimi mwenyewe, kwa ajili ya uzinduzi wa Mwongozo pale Mabanga. Ile pikapu nilianza upya, maana hewa yake ilikuwa imeibwa. Klipu nilizikaza hadi zikalia, na hewa yote ya umma ikabaki salama ndani. Picha zilipigwa. Kulikuwa na fununu kwamba Mkurugenzi, Bi. Phelista, angenipandisha cheo siku hiyo.

Siku ikafika. Mimi na dereva wangu Kipchirchir tukatoka Kitale kwa ile pikapu. Tulipokata kona karibu na Kimilili, pa!

Kipchirchir akainama, akatazama. "Bosi, raba imetoka. Klipu imeenda kwa mahindi."

"Ni hitilafu ya kona," nikasema, nikaiandika hivyo.

Ilikuwa imebaki saa moja uzinduzi uanze. Tukauliza fundi. Kila mtu akatuelekeza kwa mmoja: "Kuna mama mmoja moto sana, ati alifungiwa kibanda Kitale na mjinga fulani." Nikaahidi kumshughulikia huyo mjinga nikipata nafasi.

Nakhungu akaja na spoku yake, utepe wa tyubu kuukuu, na grisi aliyoomba kwenye kinu cha unga cha jirani. Akaangalia raba. Akaniangalia.

"Mimi siguzi."

"Kwa nini, mama?"

"Nikivalisha, itaingia hewa. Itakuwa ya serikali. Fomu iko wapi?"

"Mama, nakuomba bana!"

"Kwanza kibanda yangu."

Nikaandika barua hapo hapo juu ya boneti, nikapiga muhuri, nikampa na ufunguo. Barua ilisema kibanda kilifungwa kwa makosa. Akaisoma pole pole. "Makosa ya nani?" Nikaongeza jina langu.

Kuhusu hewa, nilimwamuru Kipchirchir autazame Mlima Elgon, nami nikafumba macho, ili pasiwe na shahidi. Psssss. Na ya upande wa pili, psssss. Halafu mama akauvuta ule utepe wa tyubu, akauzungusha mara saba, akapiga fundo, akapanda garini bila kualikwa.

"Nakuja mpaka nione imefika," akasema. "Kazi yangu siachi njiani."

Tulifika Mabanga, gari tulivu kabisa. Magari yale mengine matano yakaanza kuingia uwanjani, na kila moja lilipokata kona ya kuegesha, pa! Grisi ikaruka hadi kwenye zulia jekundu. La mwisho lilikuwa la Mkurugenzi. Pa! Likalia ka-ka-ka mpaka kwenye hema.

Bi. Phelista akashuka, akakanyaga grisi. "Gachanja, nani alifunga hizi?"

"Mfumo, Mheshimiwa."

Akainama, akatazama chini ya pikapu yangu kwa muda mrefu. "Na hii?"

Nakhungu akainua spoku.

"Unaweza kurekebisha hayo matano?"

"Naweza, mheshimiwa. Lakini kila gari imetoka raba moja tu, hizo za upande ule mwingine bado zimefura. Ziko na hewa ya serikali, na mimi nilishafungiwa kwa hiyo maneno."

Mkurugenzi akaomba Mwongozo. Akasoma kifungu cha kumi na saba, akarudia, kisha akanigeukia kwa upole mno. "Mimi nikiondoka hapa, mwenye cheo kikubwa atakuwa nani?"

"Mimi, Mheshimiwa!" nikajibu kwa fahari, kabla sijafikiri.

Akapanda pikapu yangu na Nakhungu. Kipchirchir akawapeleka Kitale kufungua kibanda.

Leo ni siku ya nne nikiilinda hewa. Sahihi yangu nimeshatia. Shahidi nimempata, mkulima wa hapa, anapita kila asubuhi kuuliza kama hewa imeshatoka ili aione. Sahihi ya Mkurugenzi inashughulikiwa.

Asubuhi Nakhungu alinipigia simu. "Mzee, uko aje? Hewa iko salama?"

"Iko salama, mama." Nikashindwa kujizuia. "Lakini aki nimechoka. Nina watoto nyumbani wananingoja."

Akaniambia niwape salamu zake.